Mawese Kwenye Kamiyo ya Baba

Kwetu Buterere, pembeni mwa Bujumbura, ukiuliza nyumba ya wenye kamiyo, yale malori ya jeshi, hata mtoto mdogo anakuonyesha kwa kidole. Hatukuwa watu wa Buterere. Sisi ni wa Buyenzi, tangu babu wa babu, lakini njia za Buyenzi hazikumpenda baba. Kamiyo ya jeshi ukiiingiza kwenye vichochoro vile, kioo cha pembeni kinabisha hodi kwenye dirisha la jirani. Majirani walichoka, mkuu wa mtaa akachoka, mama naye, Mungu amrehemu, akachoka. Baba akanunua kiwanja huku chini karibu na mashamba ya mpunga, mahali ambapo mvua ikinyesha chura anaingia ndani kabla ya mgeni. Akaegesha kamiyo zake mbili kwanza, ndipo akafikiria nyumba ya kutuweka sisi.

Zilikuwa pacha, kamiyo hizo. Jeshi lilizitoa kazini zikiwa zimechoka, rangi ya kijani imebabuka, milango haifungi mpaka uipige teke mahali pake. Moja ikabaki ya baba. Ya pili alimpa kaka yangu alipooa, kwa kuwa kaka ndiye mtoto mkubwa na ndiye mwenye mabega. Mimi ni mdogo wake, mwanamke, na sikupewa kamiyo. Nilipewa kazi ya kuingiza mikono mahali ambapo mikono yao haiingii. Nilianza nikiwa msichana, nikaolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi, nikakuta spana yangu ndogo palepale nilipoiacha. Basi nikafunga kitenge juu ya suruali nikaendelea. Wenzangu walinicheka eti nanuka mazutu, dizeli ya kamiyo. Wacha wacheke, wao wananuka maneno.

Watu wanadhani kutunza gari la jeshi ni nguvu. Nguvu gani? Ni kuuguza. Spea hakuna. Bolti ikikatika unachonga nyingine, mpira ukioza unakata tairi kuukuu unatengeneza wako, na kila asubuhi unachungulia chini ya injini uone imetapika nini. Lakini zina jambo moja zuri: zilitengenezwa zinywe chochote. Baba alipenda kusema kwamba askari akiishiwa mazutu vitani hana stesheni ya mafuta ya kwenda, anamwaga alichokuta. Mafuta ya taa, hata mawese, yale mafuta mekundu tunayopikia maharage: injini inakohoa kidogo, inatoa moshi, inakwenda. Siku hizi mazutu yanakosekana mjini kuliko yanavyopatikana, na sisi tulikuwa tunapita barabarani tukinuka kama jiko la harusi. Madereva waliolala kwenye foleni ya stesheni wanapiga kelele, "Munapika nini leo?" Kaka anawajibu, "Njooni na sahani!"

Ugomvi wao ulianza kwa sababu kila kamiyo iliharibika upande wake. Ya baba ilikufa giaboksi, injini ikabaki nzima. Ya kaka ilipasuka injini, giaboksi ikabaki nzima. Hapo dawa ni moja: unachinja hii unailisha ile. Mafundi wa Bujumbura ndivyo tunavyosema, kuchinja, na ndivyo tunavyoishi. Lakini baba alikataa katakata. Alikuwa na mtu wake ng'ambo ya ziwa, Kongo, anayemtafutia giaboksi, na mtu huyo alikuwa akitafuta mwaka baada ya mwaka. Kila Ijumaa akitoka msikitini baba alifungua kapo, lile bati la mbele linalofunika injini, akapanguza vumbi, akawasha, akaisikiliza ikinguruma bila kwenda popote, halafu akazima akaenda kula. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, na mimi sikuona ubaya wowote.

Kaka aliuona. Mizigo ya bandarini ilikuwa inapelekwa na wengine kwenye maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, na yeye amekaa juu ya kamiyo iliyokufa kama kuku anayeatamia mawe. Tukapata msiba Gitega, mume wa shangazi yetu alifariki, baba akaenda na mimi nikaenda naye. Tulikaa mpaka baada ya hitima. Huku nyuma kaka aliita wanaume wawili watatu, wakafunga mnyororo, wakachomoa injini ya baba wakaitia kwenye kamiyo yake. Ningekuwepo ningempiga na spana, nasema kweli kabisa.

Ijumaa baba akafungua kapo. Ndani palikuwa na shimo, na kuku wa jirani ametaga humo. Baba akasimama pale. Kaka aliona aibu, na aibu yake siku zote hutoka ikiwa imevaa ukali. Akasema mbele ya majirani, kwa sauti, "Sasa Muze, ulitaka tukuzike nayo?"

Astaghafirullah. Hata yule jirani mwenye kuku aliondoka.

Baba hakupaza sauti. "Sina radhi na wewe," akasema. "Na nikifa, usije ukasema nilikupa radhi." Akafunga kapo taratibu, akachukua mkoba wake, akarudi Gitega kwa dada yake. Hakukanyaga tena Buterere.

Unaweza kuwa na kamiyo kumi; kama mzazi amekunyima radhi, huna kitu. Ndivyo tulivyolelewa. Kaka alijifanya haamini, akafanya kazi, akabeba mchanga, akabeba magunia ya bandarini, injini ya baba ikimvuta vizuri mno. Lakini kila kitu kilichovunjika alikiona kimetoka Gitega. Tairi ikipasuka, "Ni radhi." Maji ya mvua yakiingia chumbani, "Ni radhi hiyo." Mke wake alipoharibikiwa mimba, kaka alikaa chini ya kamiyo kutwa nzima akijifanya anapaka grisi. Nilikuwa namtania ili nisilie. "Kaka, radhi haitoboi tairi, misumari ndiyo inatoboa. Nenda Gitega ukamuombe baba, tupumzike." Ananijibu, "Nitaenda. Lazima kwanza nitengeneze breki." Breki ikipona, ni spring. Spring ikipona, ni rangi. Alitaka siku ya kwenda, baba aione kamiyo inapumua, imepakwa rangi, asikie injini yake inavyofanya kazi, aelewe mwenyewe pasipo mtu kufungua mdomo. Wanaume wa kwetu! Watafungua injini nzima mpaka bolti ya mwisho, lakini siyo mdomo.

Shangazi akapiga simu wakati wa kiangazi, asubuhi. "Njooni. Muze haamki tena kitandani, na chakula hakishuki. Anasema watoto waje."

Kaka akaninyang'anya simu. "Alisema watoto, ao alitaja jina yangu?"

"Alisema watoto," shangazi akajibu. "We si mutoto wake?"

Akakata. Kaka akabaki ameshika simu. Nikamwambia tukimbilie basi. Tukaenda kwenye maegesho ya magari ya mikoani, tukakuta watu wamekaa juu ya mizigo yao tangu jana yake, gari hakuna, mafuta hakuna, mmoja amelala juu ya gunia la samaki wakavu kama godoro. Kaka akaniangalia nikajua anachowaza. Kwanza nilimkatalia. Halafu nikafikiria baba amelala kule, nikakubali.

Mazutu hatukupata hata ya kuwashia kibatari. Tukakusanya mawese kwa majirani, bidoni kwa bidoni, kila nyumba dumu lake. Nikayapasha juu ya mkaa yakawa mepesi kama chai ya rangi, nikayachuja kwa kipande cha neti ya mbu, tukachanganya na mafuta ya taa kidogo tuliyokuwa nayo. Hiyo kazi tumeifanya mara nyingi. Sisi ni watu wa ziwani. Kwetu mawese yakiganda kidogo alfajiri, jua likitoka yenyewe yanayeyuka. Hakuna mtu wa Buterere anayewaza kwamba mafuta ya kupikia yanaweza kuwa adui. Kamiyo iliwaka jaribio la kwanza tu. Kaka alitabasamu, na mimi nilimuonea huruma kwa tabasamu lile.

Ukitoka Bujumbura kwenda Gitega, unapanda. Barabara inakunja, inakunja tena, ziwa linabaki chini, na joto unaliacha njiani pamoja na ziwa. Injini ilivuta vizuri, lakini rejeta ilianza kuchemka karibu na Bugarama, kule juu kabisa ambako wanawake wanapanga kabichi na karoti kando ya njia. Kaka akasimama. Ndivyo baba alivyotufundisha, injini ikichemka simama, izime, ngoja, usiiue. Tukasimama tukangoja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na upepo ulipita ndani ya nguo zetu za Buterere kana kwamba hatukuvaa kitu. Mimi nilijikunyata mlangoni nikasema uradi.

Rejeta ikapoa. Kaka akawasha. Injini ikanguruma, tukafurahi, ikakohoa mara mbili, ikazima. Akarudia. Ikawaka kidogo, ikafa. Akarudia tena mpaka bateri ikaanza kulia sauti ya mgonjwa. Nikamshika mkono. "Acha! Utamaliza bateri, halafu tutaisukuma na nini, na dua?"

Tukafungua kila kitu tunachokijua. Hewa haikuingia, bomba halikupasuka. Pampu nzima. Filta hatukuifungua, mafuta si niliyachuja mwenyewe? Mafuta yapo tangini, nimeyaona kwa macho yangu. Kaka akapiga gurudumu teke, akasema, "Ni radhi. Ameniambia nisifike." Siku hiyo sikumtania. Nilikuwa naanza kuamini.

Simu ikalia. Shangazi. "Muko wapi? Fanyeni haraka. Anaamka, analala. Sasa yuko macho, nimeweka simu kwenye sikio yake. Semeni naye."

Kaka akachukua simu, akaweka sauti ya juu ili na mimi nisikie. Tulisikia pumzi tu, moja, nyingine, inakwaruza. Nikamfinya kiuno. "Omba sasa," nikamnong'oneza. "Omba radhi, kaka, sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Si kwa simu. Nitamupigia magoti." Kisha akameza mate akasema, "Muze. Ni mi."

Pumzi.

"Muze, tuko Bugarama. Kamiyo imezimika."

Nilitaka kumpiga. Baba anakufa, na huyu anamwambia habari za kamiyo! Lakini upande wa pili kukawa na kimya cha namna nyingine, kimya nilichokijua tangu utoto, baba akiwa ameinamisha sikio kwenye injini.

"Muliweka nini?" Sauti ilikuwa ndogo, kavu.

"Mawese, Muze. Mazutu hakuna muji mzima."

"Mulisimama?"

"Ilichemka. Tuliipoza."

Akakohoa kwa muda mrefu. Nilidhani hatapata pumzi tena. Kisha akasema, kipande kwa kipande, "Bugarama ni baridi. Mawese imeganda. Si kwa tangi. Kwa filta, pale inje, karibu na gurudumu. Maji ya moto. Mwaga juu yake."

"Ndiyo, Muze."

"Pole pole. Usipasue kikombe chake."

"Ndiyo, Muze. Muze, mi..."

Simu ikakata. Mtandao wa kule mlimani huja na kuondoka na ukungu. Kaka akapiga tena na tena, haikuita.

Nikakimbia kwa wenye kabichi. Mama mmoja alikuwa amebandika sufuria, maji yanaanza kuchemka, viazi viko pembeni bado havijaingia. Nikamwambia kwa Kirundi kwamba baba yetu anakufa na gari limeganda. Hakuuliza gari linagandaje. Alishika sufuria yake mwenyewe kwa kanga, akaibeba mpaka kwenye kamiyo, mvuke ukimpiga usoni.

Kaka alipofungua filta nilikuta kitu ambacho sijawahi kukiona katika maisha yangu yote chini ya magari. Mawese yetu, yale niliyoyachuja yakapita kama chai, yalikuwa yamekuwa kipande kizima, cha manjano, kama sabuni ya mche. Tukakikwangua kwa kidole. Tukazungushia filta kitenge changu, tukamwaga maji pole pole kama alivyosema, juu ya kikombe cha filta, juu ya bomba, na mafuta yakaanza kutiririka mekundu mikononi mwa kaka mpaka viwikoni. Mimi nikapiga pampu ndogo ya mkono kutoa hewa, kazi yangu ya siku zote. Yule mama alisimama pale akitetemeka kwa baridi, hataki kuondoka. Kaka akapanda, akasema bismillahi, akageuza ufunguo. Bateri ikavuta kwa shida. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika.

Yule mama alipiga vigelegele. Mimi nililia wazi wazi. Kaka hakulia. Alishika usukani kwa mikono yake myekundu akasema, "Umeona? Yeye ndiye ameiwasha. Anataka tufike."

Akakataa kabisa kuzima tena. Tukashuka, tukapita Muramvya, barabara ikatusogeza Gitega, na njia nzima alikuwa akisema peke yake. Alikuwa akipanga maneno. Kwanza atapiga magoti. Kisha atasema, Muze, nilikosa. Si kwa injini tu, kwa lile neno. Kisha atamuomba baba atoke nje, hata kwa kubebwa, au kama haiwezekani afungue dirisha tu asikie. Aliniuliza kama neno fulani linafaa. Nikamwambia linafaa. Akaniuliza kama alie kwanza au aseme kwanza. Jamani, mtu mzima mwenye mvi kidevuni! Nikamwambia fanya vyote pamoja, baba hatakuhesabia.

Tukafika kwa shangazi jua limeshaanza kulegea. Kaka aliisogeza kamiyo mpaka ukutani, chini ya dirisha la chumba alichojua baba analala, akaiacha injini inanguruma. Hata akakanyaga mafuta kidogo, mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Akashuka akajipangusa suruali.

Mwanamume nisiyemjua alitoka getini amevaa kofia ya swala, mkono juu. "Zima hiyo gari, bwana! Hapa kuna msiba."

Kaka alimwangalia yule mtu kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. Mimi ndiye niliyepanda nikazima.

Ndani ya ua viatu vilikuwa vingi mlangoni. Shangazi alikuja kwetu amejifunga kanga kichwani, hana viatu, akanikumbatia mimi kwanza. Kaka alibaki amesimama, mikono ameitenga na mwili, mafuta yamekaukia vidoleni.

"Lini?" akauliza.

"Kidogo tu baada ya simu."

"Alisema nini?"

Shangazi akaniangalia mimi. Ni mwanamke mkweli, shangazi yangu, na nilimwona anatafuta uongo wa kufaa na hauoni. "Simu ilipokata alinyamaza," akasema. "Nikafikiri amelala. Halafu akafungua macho akaniuliza, imewaka? Mi nikamwambia imewaka. Sikujua kama imewaka, mwanangu. Nilimudanganya tu, atulie. Akafunga macho. Nikamwambia sema shahada, akainua kidole. Basi."

"Hakunitaja?"

"Aliuliza gari."

Huko nyuma ya nyumba walikuwa wameshatundika shuka na mikeka kuzunguka kitanda cha kuoshea, na maji yalikuwa yanachotwa. Mzee mmoja alitoa kichwa nje ya shuka akaita, "Mutoto mukubwa wa marehemu amefika? Aingie, tuanze." Kwetu mtoto mkubwa wa kiume ndiye anayemshika baba yake kichwa.

Watu wakampisha kaka njia. Mtu akamletea sabuni na ndoo, akanawa mpaka viwikoni, maji yakawa mekundu, akanawa tena. Kisha akanigeukia, na sijawahi kumwona kaka yangu akiwa mdogo namna ile.

"Dada," akasema. "Kuuliza kama imewaka. Hiyo ni radhi?"

Mimi, mwenye mdomo, nilimsukuma begani kuelekea kwenye shuka. Nikasema, "Ndiyo. Ni radhi, kaka. Ingia."

Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayeapa kwamba gari lake halijawahi kugongwa. Kisha akasogea mpaka kwenye shuka, lakini hakuinua upande. Akamwambia yule mzee kwamba baba amekufa bila kumpa radhi, hajamruhusu kumgusa. Mzee akabishana naye kidogo, shangazi akamsihi, mimi nikamvuta mkono. Hakutoka pale na hakuingia.

Walimwosha watu wengine. Upepo wa Gitega ulikuwa unainua ile shuka, na kaka akaishika kwa nje, kwa mikono miwili, mpaka wakamaliza.